Yupo, Ametoka Kidogo

Koti langu nililinunua Karume, Ilala, kwa shilingi 12,000, baada ya kugeuka kuondoka mara tatu muuzaji alipong'ang'ania 25,000. Aliniapia kwamba ni mtumba wa gredi ya kwanza, halijawahi kuvaliwa na mtu mwenye shida. Nilipofika nyumbani nikatia mkono mfuko wa ndani, nikatoka na tiketi ya treni ya mji fulani wa Ulaya ambao jina lake sijui hata kulitamka. Treni ilikuwa ya saa moja na dakika kumi asubuhi. Nikaelewa. Mwenye koti alikuwa mtu wa kazi, tena mtu wa kuwahi. Wakati ule kila tangazo la ajira nililolisoma lilitaka uzoefu wa miaka mitano. Koti lilikuwa nao. Tatizo lilikuwa mimi.

Huo ulikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia na ninaishi Mbagala kwa shangazi, ambaye kila asubuhi aliniuliza "Leo unakwenda wapi?" kwa sauti ya mtu anayeuliza lini utahama. Juni ya mwaka huo ndiyo ile ambayo Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa: nafasi 70, watu zaidi ya 10,000. Mimi sikuwemo, niliona picha gazetini. Vijana wamekaa kwenye viti vya mashabiki, kila mmoja na bahasha yake ya kaki magotini, kama wanasubiri timu ambayo haitashuka uwanjani. Nikapiga hesabu: kila kiti kimoja cha ofisi kina watu zaidi ya 140 wanaokitaka. Shangazi akaangalia ile picha kwa muda mrefu, akasema, "Na wewe hata huko hukuitwa."

Bahasha yangu ya kaki ilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Ndani kulikuwa na barua, wasifu, na nakala za vyeti kuanzia cha kuzaliwa mpaka cha kushiriki semina ya siku moja ya ujasiriamali. Nakala zote zilitakiwa zigongwe muhuri na mwanasheria. Wakili wetu wa mtaani alitoza shilingi 1,000 kwa karatasi na hakupoteza muda kutazama karatasi yenyewe, mkono wake ulikuwa kama wa mama anayekanda chapati. Siku moja risiti ya LUKU ya shangazi ilijichanganya kwenye vyeti, nayo ikagongwa. Shangazi mpaka leo ana risiti ya umeme iliyothibitishwa kisheria kuwa ni nakala sahihi ya halisi, na ukimwambia ni kosa atakukatalia.

Na ile barua. Kila aliyesoma shule zetu anaijua kwa moyo: YAH: MAOMBI YA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Halafu unaingia kwenye kiini cha jambo: "Mimi ni kijana wa Kitanzania, mwenye umri wa miaka 25 na akili timamu." Shangazi alinisikia nikiisoma kwa sauti akanisimamisha hapo hapo. "Kwani nani amewaambia kwamba huna?" Nilikosa jibu. Nikaiacha akili timamu kwenye barua kwa sababu kila mtu alikuwa ameiweka, na mtu asiyeiweka angezua maswali.

Basi nikaanza kuzunguka Posta, ofisi hadi ofisi. Na katika kuzunguka huko ndipo nilipojifunza sentensi ambayo sasa nadhani ndiyo nguzo ya utumishi katika mji huu. Unaingia, unasalimia, unamwulizia mhusika. Katibu muhtasi haachi kuchapa. Anasema, "Yupo, ametoka kidogo."

Sikiliza vizuri. Hasemi hayupo. Asiyekuwepo unamjua, unaondoka zako. Hasemi ametoka, maana aliyetoka unaweza kumkadiria. Amesema yupo. Na kweli, ukichungulia mlangoni unamwona: koti limening'inia kwenye mgongo wa kiti, mabega yamekaa sawa, faili limefunguliwa ukurasa wa katikati, miwani iko juu ya faili, na glasi ya maji imefunikwa kisahani. Kila kitu chake kipo. Kilichotoka ni yeye tu, tena kidogo.

Nimekaa kwenye mabenchi mengi nikisubiri hicho kidogo kiishe. Nimeona makoti ya kijivu, ya bluu, ya mistari. Ofisi moja niliizoea mpaka nikawa najua lile koti limebadilishwa Jumatatu. Sikuwahi kumwona mwenyewe, lakini nilimheshimu, kwa sababu lilikuwa limepigwa pasi vizuri.

Ndiyo maana Ijumaa ya Novemba 6, 2015 sitaisahau. Rais Magufuli, siku moja tu baada ya kuapishwa, alitoka Ikulu kwa miguu akaingia Wizara ya Fedha bila taarifa, akakuta viti havina watu. Nchi nzima ilishangilia. Watu walizungumzia ujasiri, walizungumzia uwajibikaji, mpaka kwenye daladala ikawa ndiyo habari. Mimi nilikuwa nahesabu viti.

Huku nyuma mjomba wangu wa Tabora alikuwa ameamua kuingilia kati. Mjomba ni mtu wa zamani, haamini matangazo. Anaamini kimemo. Alinitumia karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne, kwa mkono wa dereva wa basi, nimpelekee bwana mmoja mkubwa waliyesoma naye. Niliifungua njiani, nakiri. Ilisema: "Ndugu yangu, mleta barua hii ni mtoto wa dada yangu. Mwangalie." Basi. Sikuwahi kushika karatasi yenye matumaini mengi kwa maneno machache kiasi kile.

Nilipofika, yule bwana alikuwa amestaafu miaka mingi. Kwenye kiti chake alikaa kijana labda amenizidi miaka minne. Akaipokea, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Halafu akainua uso akaniangalia kuanzia nywele mpaka viatu, polepole, bila kuruka kitu. Akakunja kimemo, akanirudishia.

"Nimekuangalia," akasema.

Sikumlaumu. Alitekeleza maagizo.

Usaili wangu wa kwanza wa kweli uliitwa kwa ujumbe wa simu kutoka kampuni moja binafsi. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Usaili Jumanne 8:00. Usichelewe." Sasa mimi nimezaliwa na kulelewa katika lugha hii. Kwangu saa nane ni mchana, wakati watu wanatoka kula. Jumanne hiyo nikaamka taratibu, nikaoga mara mbili, nikapiga pasi koti, nikapanda daladala saa sita.

Ilikuwa Februari. Asiyejua Februari ya Dar es Salaam avae koti zito la Ulaya, asimame kwenye daladala la Mbagala kwenda Posta akiwa katikati ya mama mwenye ndoo ya samaki na kijana mwenye godoro. Jasho lilianzia kisogoni likashuka mpaka kwenye soksi. Na mtu aliyevaa koti ndani ya daladala saa sita mchana huwa na kazi moja tu inayojulikana. "Mchungaji, sogea nyuma kidogo," konda alisema. Abiria wakanipisha kwa adabu. Yule mama wa samaki akaniuliza kanisa letu liko wapi. Kabla sijajibu akaanza kunieleza juu ya mtoto wake wa pili, homa zisizoisha, na wifi yake anayemshuku. Tulipofika Bendera Tatu alikuwa ameshainamisha kichwa. Sikuwa na namna. Nilimwombea mtoto, nikaombea na usaili wangu humo humo. Abiria wengi wakaitikia amina.

Nikafika saa saba na nusu, najisifu kwa kuwahi. Mlinzi akatazama bahasha yangu, akanitazama mimi. "Wenzako wameshamaliza," akasema. "Wameshakunywa na soda." Nikampa simu asome mwenyewe. Akasoma, akacheka mpaka akashika geti. Ile 8:00 ilikuwa ya Kizungu, yaani saa mbili asubuhi yetu. Nilikuwa nimewahi nusu saa na nimechelewa saa tano na nusu, vyote kwa pamoja. Sijui kama wapo wengi waliowahi kufanya hivyo. Mlinzi alinihurumia akanipa soda iliyobaki, imeshapata joto na gesi yake imeisha.

Mwanzoni mwa 2016 nikapata usaili wa serikalini. Mchujo wa kuandika nikapita, nikaitwa kwenye mahojiano. Safari hii saa zilikuwa wazi na koti nilibeba mkononi. Kilichonimaliza ni wasifu. Niliuchapisha kwenye steshenari moja Sinza, kwa kijana ambaye, kama vijana wote wa steshenari, haanzi ukurasa mpya. Anafungua wasifu wa mteja aliyetangulia, anafuta jina, anaweka lako. Alifuta mengi. Hakufuta yote.

Jopo lilikuwa la watu watano. Maswali ya taaluma nikayajibu, wakaandika. Mwishoni mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akavua miwani. "Ndugu msailiwa, hapa kwenye mambo unayopenda umeandika kuimba kwaya sauti ya kwanza na kucheza mpira wa pete. Unacheza nafasi gani?"

Kuna muda ambao mtu mwenye akili timamu angesema ukweli. Lakini nilishaapa chini ya ule ukurasa kwamba maelezo yote ni sahihi kwa kadiri ninavyofahamu. Nikaona nikikana mpira wa pete watatilia shaka na shahada.

"Namba tisa," nikasema.

Akatabasamu. "Mpira wa pete una wachezaji saba."

"Nilikuwa naingia kipindi cha pili."

Jopo zima lilicheka. Mmoja alitoka nje kabisa. Yule mama akaandika kitu kirefu, na mpaka leo natamani kujua alichoandika. Nilitoka pale nikijua nimekwisha, kwa sababu msailiwa akiwachekesha wasaili huwa hajui kama wamecheka naye au wamemcheka.

Matokeo yakaja: nimefaulu, ila nafasi zimejaa kwa walionizidi alama, hivyo jina langu limehifadhiwa kwenye kanzidata. Nikampigia mama kijijini kwa furaha. "Mama, nimo kwenye kanzidata!" Mama akapiga vigelegele, nikasikia na majirani wakipokea. Vilipotulia akauliza, "Hao Kanzidata wanalipa shilingi ngapi?"

Nikajaribu kueleza. Kanzidata siyo kampuni, mama, ni mahali wanapotunza majina ya waliofaulu wakisubiri nafasi. Akafikiri. "Kwa hiyo umepata kazi ya kusubiri." Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. "Na hiyo hukuwa nayo tangu mwanzo?"

Haikuchukua muda ikaja Juni 2016, serikali ikasitisha ajira mpya ili kwanza wahesabiwe watumishi hewa. Nchi ilikuwa inatafuta watu wasiokuwepo wanaolipwa, na mimi niko hapa, nipo mwili mzima, silipwi. Ningependa kuwa na mbwembwe kuhusu kipindi hicho lakini ukweli ni kwamba niliuza vocha na chaji za simu pale Mbagala Rangi Tatu kwa zaidi ya mwaka, na koti nilifunikia bidhaa mvua ikinyesha. Mama alikuwa akiulizwa na watu anajibu, "Yupo Kanzidata, Dar es Salaam." Nasikia kuna mzazi kijijini alimwomba anisemee na mwanawe aingizwe.

Mwishoni mwa 2017 mkeka ukatoka: tangazo la kuitwa kazini, na jina langu lipo. Nilisoma namba yangu mara sita. Ofisi yenyewe sitaitaja, mpaka leo nakula hapo.

Sasa siku ya kwanza. Ilikuwa Ijumaa. Nimepewa meza, na juu ya meza kuna fomu za kujaza zinazotaka nakala tatu. Mashine ya kutolea nakala ilikuwa mbovu tangu kabla ya ajira yangu, watu walikwenda kibandani chini. Nikiwa nashangaa, akapita kwenye korido mzee mmoja mkimya, suruali amekunja mpaka katikati ya miguu, mikono mibichi, ndala miguuni. Nikajiambia huyu ndiye mhudumu. Nikatoa noti ya 1,000. "Kaka, samahani, nitolee nakala tatu hapo chini." Akaiangalia noti, akaniangalia mimi, akapokea karatasi. "Sawa," akasema.

Baada ya kama saa moja hivi mlango ukafunguliwa. Mzee yule yule, sasa amevaa viatu, tai na koti la bluu. Nyuma yake watumishi wawili wamesimama kama walinzi. Alikuwa ametoka kutawadha nilipomtuma, na alikuwa mkuu wa idara. Akaweka nakala mezani, akahesabu sarafu moja moja juu yake. "Mia saba yako hii. Karatasi ni mia mia. Karibu sana kazini."

Hakunifukuza, hakunifokea. Ingekuwa heri. Alichofanya ni kwamba kila tulipokutana kwenye korido, mbele ya watu, aliniuliza kwa upole, "Leo hakuna kazi ya kunituma?"

Kuhusu kazi yenyewe nitasema machache, maana iko kama kazi. Nitakueleza habari ya taa. Taa ya juu ya meza yangu iliungua mwezi wa tatu. Nikaandika dokezo kuomba taa mpya. Faili likapanda kwa msimamizi, akaandika, "Naunga mkono hoja." Likaenda ugavi: "Je, taa ya zamani iko wapi?" Taa ya zamani alikuwa ameitupa mfagizi. Ikabidi mfagizi aandike maelezo. Hajui kuandika vizuri, nikamwandikia mimi, kwa hiyo nikawa naandika maelezo ya kujibu hoja iliyotokana na ombi langu. Likaenda uhasibu: "Fedha zikipatikana, itekelezwe." Mpaka hapo tumefika folio ya tisa na mimi nasoma kwa tochi ya simu. Nikashuka Kariakoo nikanunua taa kwa shilingi 3,500 zangu. Miezi kumi na minne baadaye faili likarudi limeidhinishwa. Nikasoma idhini hiyo vizuri sana, chini ya mwanga wa taa yangu.

Mshahara wa kwanza ulikuta kadi nne za michango mezani. Harusi mbili, kitchen party moja, kipaimara kimoja. Watu ambao sijawajua majina walishajua langu, limeandikwa kwa wino wa dhahabu na hakuna kosa la herufi. Na afisa michezo, aliyekuwa amepekua jalada langu, akanifuata akiwa na furaha: mashindano ya michezo ya watumishi yanakaribia na amesikia nina uzoefu wa mpira wa pete. Nikamweleza. Akasikitika, akaniweka kwenye timu ya kuvuta kamba. Viganja vyangu vina alama mpaka leo, na kama yule kijana wa steshenari anasoma hapa, namtumia salamu.

Aliyenifundisha kazi kwa kweli ni babu mmoja wa masijala. Aliniona mwezi wa kwanza nikikaa kitini kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu, sinyanyuki. Akaja akainama sikioni. "Mwanangu, una koti?" Nikamwambia ninalo, nyumbani. "Unaliacha nyumbani linafanya nini? Lilete kazini. Koti haliumwi, haliendi msibani, halina mtoto wa kupeleka kliniki. Wewe ni mtu, utatoka. Likae lenyewe."

Kesho yake nikalileta. Nililining'iniza kwenye kiti, nikafungua faili katikati, nikaweka na glasi ya maji. Nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Nikatetemeka kidogo, wallahi. Ndiye yeye! Yule bwana niliyemsubiri mabenchini miaka yote ile, nimemtengeneza kwa mikono yangu.

Siku za mwanzo nilitoka kwa woga, dakika kumi za chai. Kisha ishirini. Baadaye nikawa nakutana na wenzangu benki, kliniki, kwa fundi cherehani, kila mmoja ameacha koti lake, tunasalimiana kwa kichwa tu. Naamini kuna siku idara nzima ilikuwa mjini na makoti ndiyo yanaendesha kikao.

Mwaka jana, mwezi wa pili, nikatoka kwenda Kariakoo. Koti nikaliacha kitini, na kwa haraka nikasahau simu kwenye mfuko wa ndani, ule ule wa tiketi ya treni. Mlio wa simu yangu ni jogoo. Niliuweka kwa ajili ya kuamka asubuhi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na babu wa masijala, na kila akisimulia anaongeza. Saa tano mkuu wa idara alikuwa akipita na wageni wawili kutoka makao makuu. Akanionyesha, yaani akalionyesha koti, kwamba huyu naye ni afisa wetu, ametoka kidogo. Hapo hapo koti likawika. Wageni wakaruka. Likawika tena. Bosi akasogea, akatia mkono mfukoni, akatoa simu. Imeandikwa MAMA.

Akapokea. "Shikamoo mama." Huyo bosi amemzidi mama yangu umri, lakini ni mtu wa adabu. Mama akaitikia marahaba, akaniulizia. "Hayupo, mama." Mama akamsahihisha kwa upole, "Baba, huyo yuko kazini."

"Hata mimi nilijua hivyo," bosi akasema.

Jioni simu imenirudia, nikampigia mama kumtuliza. Hakutaka maelezo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, asisikiwe na majirani: "Mwanangu, niambie ukweli. Wamekurudisha Kanzidata?"

Kesho yake asubuhi nikakuta mezani barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Nilikaa nayo usiku kucha. Nikaanza: Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikaeleza kwamba siku tajwa, muda tajwa, nilikuwa Kariakoo mtaa wa Kongo nikilipia vitambaa vya sare za kamati ya harusi ya binti wa mkuu wa idara, nikiwa mweka hazina wa kamati hiyo kwa uteuzi wake mwenyewe, na kwamba risiti nimeambatisha. Nikataka niipeleke kwa mwanasheria aigonge muhuri. Nikaona nitakuwa nimezidisha.

Siku ya sita nikapanda ghorofani kuikabidhi mkononi. Katibu muhtasi wake alikuwa akichapa.

"Yupo?"

"Yupo, ametoka kidogo."

Nikachungulia. Koti la bluu limekaa kitini, mabega sawa. Faili limefunguliwa, miwani juu yake, glasi imefunikwa kisahani. Nikaingia kwa heshima, nikaweka bahasha mbele ya koti, nikasogeza glasi isije ikaidondosha. Mabegani mwa lile koti kulikuwa na vumbi. Nikalipangusa kwa kiganja, nikatoka, nikasaini kitabu cha barua.

Huu ni mwezi wa kumi na moja sijajibiwa. Harusi ilifana.

Koti langu bado liko salama, ila kifungo kimoja hakipo na kwapa la kushoto linahitaji fundi. Kama una usaili wiki hii na mwili wako ni wa kati, njoo nikuazime, ili mradi ulirudishe kabla ya Jumatatu. Hakikisha tu saa uliyoandikiwa ni ya Kiswahili au ya Kizungu. Ukifika ofisini usinikute, usiondoke: lichukue kitini mwenyewe, na uniwekee lako.